Nakala Tatu

Kompyuta ya Rannvá imeanza kukoroma.
Krr, kisha kimya, kisha krr,
kama mtu anayetafuta neno ambalo sasa hivi alikuwa nalo.
Aliwahi kuusikia mlio huo. Ile ya kwanza
ilikufa Jumanne, ikazikwa na miaka minne tumboni,
pamoja na Krismasi ya mwisho ya mama.

"Weka kwenye wingu," alisema Høgni, mwanawe, kwa simu kutoka Aarhus.
Rannvá akachungulia dirishani.
Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye uzio,
limemeza kondoo kumi na mmoja na nusu ya kanisa.
"Hili?" akauliza.

Akanunua diski mbili, nyeusi, kila moja kama kipande cha sabuni.

Folda moja inaitwa MPYA.
Nyingine MPYA 2. Nyingine MPYA KABISA.
Nyingine USIFUTE, na ndani yake
hamna kitu ila risiti ya paa.
Ananakili zote. Nani ajuaye paa litasema nini kesho.

Zimebaki dakika nne, yasema kompyuta.
Kisha: saa kumi na moja.
Kisha: sekunde thelathini.
Rannvá alikuwa muuguzi maisha yake yote;
anawajua wenye ahadi za namna hiyo.
Anachemsha chai nyingine.

Zinapita. Kidole gumba chake.
Kidole gumba chake, na nyuma yake bahari.
Jógvan kabla ya ndevu, Jógvan na ndevu,
kitanda cha Jógvan kimetandikwa, shuka limenyooshwa,
na hakumbuki ni kwa nini alikipiga picha kitanda.
Barba, mjukuu, bila meno ya mbele.
Wanasema majuto ni mjukuu,
lakini Barba hupiga simu kabla hajaja.
Na aliyesema akiba haiozi
hakuwahi kumiliki diski.

Nakala tatu, Høgni amesisitiza,
na moja ilale nje ya nyumba.
Nje wapi?
Benki wanataka ada. Jirani anakunywa.
Amebaki Marjun, dada yake, kule Klaksvík,
ambaye hawajasemezana miaka sita
kwa ajili ya shamba la viazi lisilotosha hata kutandaza blanketi.

Diski ndani ya soksi ya sufu, soksi ndani ya mkebe wa biskuti,
mkebe kwenye kiti cha abiria, umefungwa mkanda.
Chini ya bahari, handaki lina kipilefti,
chenye taa za buluu na mawe matupu juu yake.
Alikizunguka mara mbili.
Mara ya tatu aliona haya, akanyoosha.

Marjun alifungua mlango, hakusema karibu.
"Biskuti?"
"Picha."
Akaupokea mkebe, akautikisa kidogo,
akauweka kwenye droo ya miko na visu.
Kisha akapanda ngazi, akakaa huko muda mrefu,
akashuka na diski yake ndani ya mfuko wa mkate.
"Nami sikuwa na pa kuiweka," alisema.
Shamba halikutajwa. Kahawa haikumwagwa,
lakini haikunyweka vizuri pia.

Usiku Rannvá aliifungua.
Hakuna aliyemwambia afungue, wala asifungue.
Desemba, mwaka mmoja wa ile minne.
Picha moja tu, imetikisika:
mama mezani, mkono ameunyanyua kuelekea kamera,
kiganja kimeziba uso wote.
Vidole vina unga.
Hakupenda kupigwa picha, mama;
alikuwa akisema, ngojeni nivue aproni,
na akiivua huwa mmeshasahau.

Rannvá akanakili. Kwenye kompyuta, krr.
Kwenye diski iliyo sebuleni.
Kwenye ya Marjun imo tayari.
Sasa mama anakataa mara tatu,
katika nyumba mbili,
na hakuna anayemsikiliza.