Kofia na H

Saa nane usiku Snel wanaikumbuka Kadutu.
Jirani anachomeka pasi, mwingine redio,
mimi nafungua dirisha jeusi
na kuingia, kwa njia nisiyoiona,
katika mashine kuukuu ya chama cha kahawa kule Ibanda,
iliyoachwa ikipumua chini ya meza ya mhasibu.

Naandika jina: Ntakkwinja.
K moja imezidi. Nabonyeza kitufe cha kufuta.
Hakifuti. Kinaongeza:
kofia, kisha H.
Nabonyeza tena. Kofia, H. Kofia, H,
kama watoto wa shule waliopangwa kwenye mvua,
kila mmoja na kofia yake, wote wanahema:
h, h, h.

Nawajua watu wa hivyo.
Shangazi M'Cibalonza akija kuomba radhi
huondoka ameacha kosa la pili mlangoni.

Akonkwa, muuza chaja pale Nyawera,
hakuinua hata macho. «Kitufe ni kizima.
Wewe unasema toa, mashine inasikia weka.
Kila mmoja kwao alikozaliwa alifundishwa ishara yake.
Wapatanishe.»
Nyuma ya vocha iliyokwisha kukwanguliwa akaandika:
stty erase,
kisha nafasi, kisha kibonyeze kitufe chenyewe,
kijitie sahihi
kama mwizi anayechovya kidole gumba kwenye wino wa polisi.

Nililipa franga elfu moja kwa maneno mawili.
K ya ziada ilitoka bila kelele.

Bado majina.
Désiré ametobolewa mara mbili,
Noëlla ana alama ya kuuliza tumboni,
na wanachama hao wananisalimia kila Jumamosi
wakiwa wazima kabisa.
Nikaiomba mashine orodha ya lugha inazozijua.
Ikashuka, ndefu, hadi herufi ya S.
Kiswahili cha Kenya. Kiswahili cha Tanzania.
Cha kwetu, kile cha minakuya na batu,
hakikuwapo.
Nikarudi juu, nikashuka tena polepole,
maana mtu hutafuta jina lake hata kwenye orodha ya waliofeli.
Basi nikaazima Tanzania.
Noëlla akapona. Désiré akafumba matundu yake.
Nikauliza tarehe, na kitu kilichozoea kunijibu kizungu
kikasema: Alhamisi.
Nilicheka peke yangu hadi mtoto akajigeuza kitandani.

Halafu ile dola.
Kila mstari, kabla sijaandika neno,
alama ya dola imekaa mbele inaningoja.
Hata hapa?
Mchana Cikwanine huinua noti yangu juani,
huitafuta ufa mdogo kama unywele,
akiupata ananirudishia yote.
Sikutaka kumkuta tena usiku.
Lipo faili linaloanza na nukta;
nukta hiyo hulificha, mpita njia halioni.
Humo nikaifuta dola, nikaweka:
sema.
Rangi nilijaribu ya ziwa. Sikuona kitu.
Nikachukua ya buni mbichi, na makosa nikayapa ile ya buni iliyoiva,
herufi nikazikuza, kwani miwani yangu ni ya marehemu mama.

sema

Sasa naweza kusoma daftari la karani aliyenitangulia.
Mwaka ule, ukurasa wa mavuno madogo:
Balagizi, deni 90, kofia H, kofia H, 60.

Alidhani amefuta.
Au kitufe kilimkatalia kama kilivyonikatalia,
akatazama, akachoka, akaenda kulala.
Au kuna mtu alisimama nyuma ya kiti chake.
Balagizi mwenyewe ameshalipa, tisini zote, nina risiti.

Betri, kumi na moja kwa mia. Pasi ya jirani imenyamaza,
kwa hiyo umeme umekwenda na sikuona.
Kidole changu kiko juu ya kitufe, na kitufe sasa kinatii.

Siubonyezi mstari ule.
Naandika chini yake tarehe, kwa Kiswahili cha kuazima.

sema, inasema skrini,
na kijiti chake kinapepesa.