Saa ya Pili

Saa tisa na dakika kumi usiku, kiwandani Njoro,
taa ya njano iliwaka kwenye kabati la mitambo
na vali ya tangi ikakataa kufunguka.

Msimamizi Wairegi akaja na blanketi mabegani.
"Chelagat, taa yako hii ina wasiwasi wa bure.
Skrini inasema tatu na kumi,
simu yangu inasema tatu na kumi,
sisi wenyewe tunasema tisa na kumi,
na hatujawahi kugombana kwa hizo sita.
Kosa liko wapi?"

Kosa lilikuwa dogo kuliko kope.

Ndani ya kompyuta ile mna kipande cha fuwele,
punje ya mchele kwa ukubwa,
kinatetemeka mara milioni nane kwa sekunde,
na kila mtetemo ni amri: hesabu, pima, funga.
Nusu saa tunayoyadai maziwa kwenye joto
kompyuta haiijui kama nusu saa.
Inaijua kama mapigo.
Sasa pigo moja likisikika mara mbili,
hapa na pale, kama mtu mwenye kigugumizi,
nusu saa inakwisha kwa dakika ishirini na sita
na maziwa yanatoka yakiwa na vijidudu hai,
meupe, matamu, hayana habari.

Mashine ya zamani, ile tuliyoiuza kwa vyuma chakavu,
ilikuwa ikijiuliza kwa saa yake yenyewe:
Nusu saa imetimia?
Ikajijibu: imetimia.
Miaka tisa haikuwahi kukosea hata mara moja.

Hii mpya ina fuwele ya pili, ya polepole,
kama ya saa ya mkononi, ina betri yake,
ndiyo inayoandika saa kwenye skrini.
Na kati ya hizo mbili pana saketi ndogo
isiyo na kazi nyingine duniani
ila kuhesabu: kwa kila pigo la huyu mpole,
yule wa mbio amepiga mara ngapi?
Tofauti ya jana ikiwa ndiyo ya leo, inanyamaza.
Ikibadilika, inawasha taa na kushika vali.

Bi. Akeyo, muuguzi wa Kisumu nilipougua utotoni,
alikuwa na saa kifuani, imening'inia kichwa chini.
Alinishika kifundo cha mkono asinitazame,
akaitazama saa.
Nikamuuliza kama nitapona.
"Usiongee," akasema, "utanipotezea hesabu."

Nikafungua kabati, tochi mdomoni.
Mguu mmoja wa fuwele, lehemu yake ilikuwa na ufa
mwembamba kama unywele.
Baridi ya Mau ikishuka, ufa unapanuka,
jua likipanda, unajifumba,
ndiyo maana wa zamu ya mchana waliniona mzushi.
Nikapasha chuma cha kulehemia.
Moshi kidogo. Harufu ya utomvu.
Taa ikazimika.

Wairegi hakusema nimekosea wala amekosea.
Alitoka kumwambia dereva wa Molo azime injini,
kwamba nusu saa inaanza tena, tangu sifuri,
nikasikia dereva akitukana kwa Kikuyu, kisha kimya.

Ila tangu usiku ule nina desturi.
Kila Jumatatu, tangi likiwa tupu,
naigonga saa kuu makusudi,
naipachika mapigo mawili matatu ya uongo,
kisha nasimama, mikono nyuma,
nikisubiri taa ya njano.

Huwaka.
Wiki iliyopita ilichelewa kidogo, au nilidhani hivyo.
Nilikuwa nimeisahau saa yangu nyumbani.