Taya la Juu, Taya la Chini

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa na nywila moja:
Muri, na mwaka aliozaliwa. Muri alikuwa mbwa.
Benki ilimjua, maktaba ilimjua,
kampuni ya umeme, duka la plasta kule Riga,
hata wale wabadilishana mbegu za nyanya
niliowatembelea mara moja tu, nikasahau.
Mbwa mmoja, milango thelathini,
na mbwa mwenyewe amekufa zamani.

Februari ikaja barua ya umeme, ya adabu sana:
Bi. Urve Kallaste, kuna mtu ameingia.
Hawakusema nani. Hawakusema ameona nini.
Nilikaa jikoni, buti zikichuruza theluji sakafuni,
nikahesabu milango.

Kazi yangu ni meno.
Hapa Tartu, ghorofa ya chini,
dirisha linalotazama miguu ya wapita njia,
namimina plasta, nachonga, nang'arisha.
Meno ya juu yasipokutana na ya chini
mtu hatafuni, anameza maisha mazimamazima.
Ndiyo maana ipo karatasi ya buluu:
uma, saga, fungua tuone.
Buluu haidanganyi.

Taavi akapiga simu kutoka Tampere:
Mama, tafuta kitunza nywila.
Nikatafuta, nikakuta soko lenye kelele.
Mmoja anataka euro tatu kila mwezi, mpaka kiama,
na kasha lake liko nchi ambayo sijui hata mvua yake inanyesha lini.
Wa pili ni bure, matumbo yake yako wazi,
ajuaye kusoma asome. Mimi sijui kusoma matumbo.
Wa tatu ni faili tu, dogo kama punje:
libebe mwenyewe, likipotea shauri yako.
Nikalipenda hilo. Ukaidi tu.

Hapo ndipo taya likateleza.
Ndani ya basi nilibadili nywila ya benki, kwa simu.
Kazini, kabla sijavua koti,
nikabadili ya maktaba, kwa kompyuta.
Jioni nikachomeka waya, nikaambiwa:
nakala mbili, zote za leo, hazifanani. Chagua.
Nichague! Nibaki na vitabu bila pesa,
au na pesa bila vitabu?
Nilitamka neno la kwetu ambalo bibi yangu
aliliweka kwa ajili ya ng'ombe.
Taavi akacheka hadi akakohoa,
akanielekeza kwenye kitufe kidogo pembeni, cha kijivu.
Usichague, mama. Zikutanishe.

Uma. Saga. Fungua.
Buluu juu, buluu chini.

Sasa kila mlango una meno yake,
herufi ishirini za vurugu tupu,
wala sijui nywila hata moja.
Ajabu, kulala usingizi mzuri kwa sababu hujui.
Nimebaki na ufunguo mmoja: maneno sita
niliyoyapata kwa kurusha dadu mezani.
Hayana mbwa, hayana mwaka, hayana mume.
Moja ni kiazi. Nimeshasema mengi.

Ukisahau? aliuliza. Kisha, polepole: Ukifa?
Siri ya mtungi aijuaye kata,
nami sina kata, nina rafu:
mataya mia nne ya plasta, ya wateja, ya marehemu,
yamejipanga kwenye vumbi, yamefumba.
Moja lina tundu kwa chini,
na ndani ya tundu mna karatasi.

Mwizi ataanza na wazee, nadhani,
akitafuta dhahabu.
Hatahangaika na taya la mtoto wa miaka tisa
aliyevunja jino kwenye barafu ya mto
akimfukuza mbwa aliyeiba glavu.

Wewe utalijua, Taavi.
Pitisha ulimi mbele, kushoto kidogo.
Hapo hapo.