Ung'ongo

Michungwa kumi na mmoja tumeikata hapa Ndijani.
Mdudu mdogo kuliko punje ya ufuta
hunyonya jani kainama, kama mwenye haya,
na mate yake ndiyo maradhi:
chungwa likaota upande,
likabaki kijani, chungu hadi kokwa.

Kazija kaja na bomba mgongoni.
"Hii haiui. Inatisha.
Aliyeumwa na nyoka hushtukia ung'ongo;
mimi naupitishia mti ung'ongo
kabla ya nyoka."

Mume wangu kacheka:
mti una moyo wa kushtuka?

Miche tisa kainyunyizia, tisa kaiacha.
Kila Ijumaa nageuza majani, natafuta manjano.
Leo mmoja umekaza jani, gumu,
kama mlango uliosikia hatua.

Huenda ni mvua tu.
Sijamwambia.