Meno ya Breki

Baba aliivuta breki ya mkono bila kugusa kitufe:
kra, kra, kra, kra, kra. Mara sita kukiwa na mvua,
na Bethesda kuna mvua.
"Isipolia, utajuaje imeuma?"
Aliendesha lori la machimbo miaka kumi na tisa,
hakuamini chombo kinachofanya kazi kimyakimya.

Mama alifundishwa na Bi Gwenllian,
aliyevaa kofia ya sufu hata Julai:
kitufe kwanza, mkono upande taratibu,
kisha ukiachie, kama unavyomlaza mtoto.
"Kila kra ni jino unaling'oa, Emrys.
Yakiisha, utavutia fizi?"

Mjomba Tegwyn, kule juu kwa kondoo wake, hakuvuta kabisa.
Baridi hugandisha waya, alisema, asubuhi gari halitoki.
Gia ya kwanza, gurudumu lielekezwe ukutani,
na nyuma yake kipande cha jiwe la kuezekea.
Baba na Mama walimcheka.
Hapo tu walielewana.

Jumamosi moja tukaegesha mbele ya bucha,
mtaa umeinuka hadi paka wanakaa upande.
Injini ikazimwa. Ubishi haukuzimwa.
Mama akashuka na meno yake,
Baba akashuka na ushahidi wake,
nami wa mwisho, trei ya mayai mikononi.
Pa. Pa. Pa, mlango wangu, kwa kiuno.

Sikusikia kra.
Ila kimya cha Mama nacho hakina mlio;
nani angekikosa?

Gari likawaza kidogo.
Kisha likaondoka kinyumenyume, kwa adabu,
kama mgeni asiyetaka kusumbua watu kwa kuaga,
likampita mbwa aliyefungwa mlangoni pa posta,
likaketi kwenye ukuta wa kanisa,
taa moja ikining'inia.

"Nilidhani umevuta wewe."
"Dereva nani?"
Tukateremka. Hatujafika hata kwa kinyozi
Baba akauliza, polepole:
"Lakini ungevuta, ungevutaje?"

Gari langu la sasa halina mkono wa kuvuta.
Kuna kitufe; nakigusa, linanung'unika kama mbu, basi.
Naweka gia. Nageuza gurudumu ukutani.
Halafu naangalia huku na huku mtaani,
nafungua buti,
natoa jiwe.