Mahali Nakshi Zilipokosana

Jumapili, umande haujakauka uwanjani Leek,
nimemnunulia Thirza sahani kwa pauni nne.
Muuzaji akaninong'oneza: mzee, hiyo ina ufa.
Nikamwambia najua, ifunge.

Miaka thelathini kabati letu linaugua buluu:
masinia, bakuli la mchuzi lililopoteza kifuniko,
tembo aliyechorwa na mtu wa Burslem
asiyewahi kumwona tembo,
miguu ya mbwa, masikio ya kabichi,
na mgongoni sultani anayefanana na kasisi wetu.

Wakusanyaji wenzake hutaka vilivyo timamu.
Yeye hutafuta kosa:
pale ukingoni ambapo karatasi ya chapa
ilipungua, au ilizidi,
waridi likakutana na nusu ya waridi,
daraja likaishia hewani,
ng'ombe akaota kichwa cha pili.
"Hapa," husema, "palisimama msichana.
Miaka kumi na miwili, mkasi mkononi,
vidole vimechubuka kwa sabuni,
na msimamizi anahesabu dazeni.
Akakata, akakosea, akabandika hivyo hivyo.
Kosa likaiva pamoja na sahani."

Tangu baridi ile macho yake yametanda ukungu.
Buluu, anasema, ndiyo iliyotangulia kuaga.
Siku hizi huzisoma kwa nyuma:
kidole kinasaka vinundu vitatu,
makovu ya vigingi vilivyoibeba sahani motoni.

Leo ameipapasa mezani, chai ikipoa.
"Nisomee ukingo."
Nikatazama. Nikazungusha. Nikatazama tena.
Mzabibu ulizunguka wote bila kukwaa,
jani likashika jani,
na mimi, mjinga, kumbe nilinunua ufa tu.
Nikasema: "Kuna ndege hapa. Ana mkia,
mwili hana."

Akacheka mpaka kijiko kikalia ndani ya kikombe.
"Muongo wewe. Sahani za ukingo wa mawimbi namna hii
hazikuwahi kuwa na ndege."
Kisha akanyamaza, dole gumba likitembea
juu ya kitu ambacho hakiguswi,
kwa kuwa nakshi imelala chini ya kioo chake.

"Kwa hiyo zimekutana?"
Zimekutana, nikakiri. Huwezi kuona mshono.

"Basi siku hiyo alikuwa amekula," akasema.
"Mpe nafasi karibu na wenzake."