Kwa Magoti

Shinuna kapiga simu kutoka Maskati:
"Mama, Ghaya anatambaa. Ijumaa tunakuja."
Nikatazama dirishani. Ua wangu wa Ibra,
miaka saba haujaona mtoto,
nikauona kama umwonavyo ngamia
akifungua kinywa: kumbe ana meno.

Alfajiri, jua halijapanda ukuta,
nikajifunga kanga kiunoni, nikapiga magoti.
Miaka sitini na minne. Goti la kushoto lina maneno yake.
Lakini ukisimama huoni kitu.

Huku chini ni nchi nyingine.
Msumari umechungulia mlangoni mwa banda,
kizibo cha chupa, kokwa za tende,
kipande cha kigae chenye ncha ya kisu.
Bomba la kiyoyozi linadondosha maji,
na penye tone la maji, nge naye ana kiu.
Makuti niliyoyalaza pembeni tangu mavuno,
miiba ya shinani mirefu kama sindano za magunia,
yako sawasawa na jicho
la mwenye miezi kumi na mmoja.

Paka wangu, Bizari, akanifuata mkia juu,
akifurahi kwamba hatimaye
nimepata akili ya kutembea kama watu.
Alipofika penye vigae, karibu na tangi, akaruka.
Saa tatu ya asubuhi, na vigae vishakuwa kaango.
Nikaweka kiganja. Nikakiondoa.
Siku zote nilidhani paka huyu ana maringo.

Rafiqul wa duka la vifaa akaja na toroli:
mfuniko wa tangi na kufuli lake,
wavu wa kivuli, komeo la lango.
"Juu," nikamwambia, "juu zaidi,"
mpaka mimi mwenyewe nilifikie kwa ncha za vidole.
Sumu ya panya ikatoka. Mtungi wa gesi
ukatiwa mnyororo kama mwizi.

Kisha akauliza, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza:
"Na huu, mama?"

Difla. Maua ya waridi mpaka juu ya ukuta.
Mselem aliupanda mwaka tuliomaliza nyumba,
akaunywesha kila jioni
mpaka jioni yake ya mwisho.
Mbuzi wa Bi Rayya alitafuna tawi moja Alhamisi,
Ijumaa hakuamka.
Mselem akamlipa mbuzi, mti akaubakisha.

"Wa marehemu," nikasema.
Rafiqul akaweka msumeno chini, akangoja.
Ana wanawe wawili Sylhet, anawalea kwa simu.

Nikajikokota mpaka chini ya mti, nikakaa.
Ukiwa umesimama, difla inakwenda mbinguni.
Ukiwa umekaa, inainama,
inakuletea majani mkononi.
Kata, nikasema.

Tukavaa glavu. Hatukuchoma hata kijiti,
maana moshi wake nao una sumu.
Tukafunga matawi kwenye mifuko, mmoja ndani ya mwingine,
na shina tukaling'oa na udongo wake.
Bizari akanusa shimo, akazunguka mara mbili,
akalala humo mpaka adhuhuri.
Sikumfukuza. Mimi pia nilitaka mtu alale hapo.

Ijumaa Ghaya akashushwa garini.
Akatambaa. Akapita penye tangi, penye kivuli kipya,
penye shimo nililopanda mrehani,
hakugeuza hata kichwa.
Akaenda moja kwa moja mlangoni
penye kandambili zangu, ya kulia,
iliyokanyaga banda, iliyokanyaga mavi ya kuku,
akaitia mdomoni.

Shinuna akapiga kelele.
Mimi nikapiga magoti.